Rafiki ni Kipimo cha Kwanza: Safari ya Marafiki Wawili katika Hifadhi za Jangwa

Mwalimu wa hisabati alishindwa hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Walikuwa wameanza kuteremka saa kumi na moja alfajiri, na sasa saa ya mkononi ilionyesha saa tano asubuhi. Mwenzake alimuuliza, bila nia yoyote ya kumpima, wametembea kwa muda gani. Mwalimu aliitazama saa yake kwa kitambo kirefu, akasema, "Saa tisa." Kisha akasema, "Nne." Kisha akakasirika kwa kuulizwa.

Walikuwa wamefika Havasupai Gardens, mahali penye miti, kijito na bomba la maji, katikati ya mteremko wa korongo kuu la Grand Canyon katika jimbo la Arizona, Marekani. Gari lao lilikuwa juu, zaidi ya mita 900 kutoka walipokuwa wamesimama. Jua lilikuwa limeshaingia ndani ya korongo. Mwalimu alitaka waanze kupanda mara moja, wamalize safari. Mwenzake alikataa. Katika mabishano yale ya dakika chache, chini ya kivuli cha mti, maisha ya mtu mmoja yalikuwa mezani, na aliyekuwa hatarini ndiye pekee ambaye hakuwa na uwezo wa kulijua hilo.

Makala haya yanaisimulia safari ya marafiki hao kwa sababu ndani yake mna somo ambalo wahudumu wa afya na wagonjwa hulihitaji hata wasipokanyaga jangwa maishani mwao. Hapa wataitwa kwa kazi zao, kama wao wenyewe wanavyoitana tangu ujana: Mwalimu na Dereva.

JOTO LA NYUMBANI NA JOTO LA UGENINI

Wawili hawa walikulia mtaa mmoja mjini Dodoma. Mwalimu, mwenye umri wa miaka 47, hufundisha shule ya sekondari. Miaka minne iliyopita aligundulika kuwa na shinikizo la juu la damu, na tangu hapo humeza kidonge cha haidroklorothiazaidi kila asubuhi. Dereva anaendesha malori ya masafa marefu na ameishi mjini Phoenix, Arizona, kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa muda mrefu alikuwa akimwahidi mwenzake kwamba siku moja watazunguka pamoja katika hifadhi za jangwa, walale kwenye hema na watembee kwa miguu. Likizo ya Juni ilipofika, ahadi ikatimia.

Dereva alimwonya kuhusu joto. Mwalimu alicheka. "Mimi ni mtu wa Dodoma, ndugu yangu. Jua nalijua."

Kauli hiyo ilikuwa na ukweli, lakini ukweli wa msimu mwingine. Juni ni kipupwe Dodoma; asubuhi watu huvaa sweta, na mchana joto huwa la wastani. Phoenix, katika nusu ya pili ya mwezi huohuo, joto la mchana huvuka nyuzi 40 za Selsiasi. Mwili wa binadamu huweza kulizoea joto, ila mazoea hayo hayarithiwi wala hayahifadhiwi kama cheti. Huchukua kati ya siku 7 na 14 za kukaa na kufanya kazi kwenye joto: kiasi cha majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi, na chumvi inayopotea katika jasho hupungua. Mtu akiondoka katika joto, faida hiyo huanza kumtoka ndani ya muda usiozidi wiki chache. Mwalimu alitua Phoenix akiwa na fahari ya Oktoba ndani ya mwili wa Juni.

Usiku wa kwanza walilala katika hifadhi ya Joshua Tree, jimbo la California, kwenye uwanja wa kambi wa Jumbo Rocks, kati ya miamba mikubwa ya mviringo. Kambi hiyo haina bomba la maji, kama zilivyo kambi nyingi za hifadhi hiyo. Kila msafiri huja na maji yake. Dereva alikuwa amepakia madumu kadhaa na kumpa mwenzake kanuni moja: "Kunywa. Usingoje kiu. Huku ukihisi kiu umeshachelewa." Mwalimu, ambaye ni mtu wa kufuata kanuni, akaizingatia. Kanuni hiyo itakuja kuonekana tena mbele ya safari.

PALE ARDHI INAPOUNGUZA

Kituo cha pili kilikuwa Death Valley, jina ambalo maana yake ni Bonde la Mauti. Sehemu yake ya chini kabisa, Badwater, ni uwanda wa chumvi nyeupe ulio mita 86 chini ya usawa wa bahari. Ni katika bonde hili, mahali paitwapo Furnace Creek, ambapo tarehe 10 Julai 1913 palipimwa joto la hewa la nyuzi 56.7, ambalo mpaka sasa ndilo la juu zaidi linalotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Ardhi huwa na joto kuliko hewa: mwezi Julai 1972 uso wa ardhi mahali hapohapo ulipimwa ukakutwa na nyuzi 93.9, karibu na kiwango cha maji kuchemka.

Marafiki wale waliingia bondeni alfajiri na kuondoka kabla ya saa nne asubuhi. Hawakutembea mbali na gari. Dereva alimsimulia mwenzake kisa cha Julai 2024, cha mtalii aliyejikuta hana kandambili kwenye vilima vya mchanga vya hifadhi hiyo, akaungua nyayo vibaya sana. Helikopta ya uokoaji haikuweza kutua karibu naye, kwa kuwa hewa yenye joto kali ni nyepesi na haibebi vyema mabawa ya chombo. Ilibidi kwanza apelekwe kwa gari hadi eneo la juu lenye ubaridi kidogo. Hilo ni jambo la kuzingatiwa na kila anayefikiri kwamba nchi tajiri ina namna ya kumwokoa mtu popote. Katika siku zile ambazo msaada unahitajika zaidi, ndipo msaada huwa mbali zaidi.

Fiziolojia ya joto ni rahisi kueleza. Mwili huzalisha joto, hasa misuli inapofanya kazi, na hulipunguza kwa kulitoa hewani kupitia ngozi na kwa jasho linalokauka. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, njia ya kwanza hugeuka: badala ya mwili kutoa joto, hupokea. Linabaki jasho peke yake. Mtu anayetembea kwa bidii kwenye joto anaweza kupoteza lita moja au zaidi ya jasho kwa saa. Katika pwani yenye unyevu jasho hutiririka na mtu huliona. Jangwani hukauka mara tu linapotoka, shati likabaki kavu, na mtu akaamini kwamba hatoi jasho. Linalobaki juu ya ngozi ni chumvi, ile michirizi myeupe kwenye kola na kofia. Michirizi hiyo ni taarifa: mwili haupotezi maji tu, unapoteza na sodiamu.

KORONGO LISILO NA MAJI

Usiku wa tatu, wakiwa njiani kuelekea hifadhi ya Zion katika jimbo la Utah, walitafuta mahali pa kupiga hema kwenye ardhi ya umma inayoruhusu kambi. Dereva alipata mahali pazuri: mchanga laini na tambarare, uliokingwa na upepo na kingo mbili za udongo. Alianza kushusha vitu. Mwalimu akasimama juu ya ukingo, akautazama mchanga ule, akakataa kushuka.

"Hili ni korongo," alisema. "Maji hupita hapa."

Dereva alimwonyesha mbingu iliyokuwa na nyota tupu. Mwalimu akamwonyesha upeo wa mbali kaskazini, ambako umeme ulimulika bila sauti juu ya milima. Yeye alikulia kwenye nchi ya mito ya mchanga. Alikwishaona korongo kavu la Dodoma likijaa kwa mvua iliyonyesha mahali pengine, wakati waliokuwa wakilivuka hawakupata hata tone. Walihamisha hema, wakapanda nalo ukingoni penye mawe, wakalala vibaya.

Maji hayakuja. Asubuhi korongo lilikuwa kavu vilevile, na Dereva alimtania mwenzake kwa kilomita nyingi. Lakini Mwalimu hakuwa amekosea. Mnamo Agosti 2022, huko Furnace Creek, zilinyesha milimita 37 kwa siku moja, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni kidogo kuliko ya juma moja la masika mazuri Tanzania. Barabara zilikatika na watu wapatao 1,000 wakakwama hifadhini. Septemba 2015, ndani ya hifadhi ya Zion kwenyewe, watu saba waliokuwa wakipita katika ufa mwembamba wa mwamba walifariki kwa mafuriko ya ghafla. Tahadhari iliyofaulu haina ushahidi. Anayekataa kulala korongoni mara nyingi huonekana mwoga asubuhi, kwa sababu tu hakuna kilichotokea.

Utani ulipokwisha, Dereva, ambaye kazi yake imemfundisha kuheshimu hukumu ya mtu anayeona asichokiona yeye, alipendekeza mapatano. Kuanzia siku hiyo, yeyote kati yao akisema "hapana", jambo linasimama. Hakuna kujadili, hakuna kumwita mwenzako mwoga, na asubuhi hakuna utani. Wakapeana mikono ndani ya gari. Walikuwa wamefanya, bila kujua, jambo moja la kitabibu lenye thamani kuliko vyote vilivyokuwamo katika sanduku lao la huduma ya kwanza.

MLIMA ULIOPINDULIWA

Mtu anayepanda Kilimanjaro hutumia nguvu zake mwanzoni, na mwili ukichoka njia ya kurudi ni mteremko. Grand Canyon ni mlima uliopinduliwa. Msafiri huanzia ukingo wa kusini, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, asubuhi yenye baridi, na njia ya Bright Angel humteremsha kwa wepesi unaodanganya. Kadiri anavyoshuka joto huongezeka, hata chini mtoni likazidi la ukingoni kwa nyuzi 10 au zaidi. Sehemu ngumu, ile ya kupanda, humngoja akiwa amechoka na jua likiwa juu. Ndiyo maana mabango ya hifadhi huonya watu wasijaribu kufika mtoni na kurudi siku hiyohiyo, na wasitembee ndani ya korongo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri wakati wa kiangazi. Tangu mwaka 1997 hifadhi hiyo imekuwa na utaratibu maalumu wa askari na wajitolea wanaokaa njiani kuzuia ajali kabla hazijatokea. Kazi yao kubwa ni kuuliza maswali.

Mpango wa marafiki ulikuwa wa busara: kuteremka hadi Havasupai Gardens, kilomita 7.2 kutoka ukingoni, wapumzike kivulini hadi alasiri, ndipo wapande. Walifika saa mbili asubuhi wakiwa na nguvu. Hapo wakaongeza jambo ambalo halikuwamo katika mpango: kwenda Plateau Point, kilomita 2.4 mbele, kwenye uwanda usio na kivuli, kuutazama mto Colorado kutoka juu. Waliuona. Waliporudi kwenye miti, ilikuwa yapata saa tano asubuhi.

Tangu alfajiri Mwalimu alikuwa amekunywa karibu lita sita za maji. Hakuwa amekula kitu. Alisema tumbo halitaki. Alikuwa amekojoa mara nyingi, mkojo mweupe kama maji, na Dereva alikuwa amempongeza kwa hilo. Sasa alikuwa na kichefuchefu na kichwa kilimuuma. Pete yake ilikuwa imembana kidoleni. Na alikuwa amebadilika tabia: mtu mpole akawa mkali, mtu wa mahesabu akawa hajui saa sita zinapatikanaje.

"Hapana," Dereva alisema. "Tunakaa."

Mwalimu alimwita mwoga. Alimwambia kwamba Marekani imemlainisha, kwamba yeye si mtoto, kwamba ataenda peke yake. Alinyanyua begi la mgongoni. Dereva alilishika begi hilo kwa mikono miwili, hakuliachia, na hakujibu matusi. Askari mmoja wa hifadhi, mwanamke aliyekuwa akipita kuulizia hali za watu, alisimama. Hakuuliza kwanza, "Umekunywa maji?" Aliuliza, "Amekula nini?"

MAGONJWA MAWILI YENYE SURA MOJA

Swali hilo lilikuwa la kitaalamu kuliko lilivyosikika. Mtu anayetembea kwenye joto akachanganyikiwa anaweza kuwa na kiharusi cha joto: joto la ndani ya mwili limevuka nyuzi 40 na ubongo umeanza kudhurika. Lakini pia anaweza kuwa na upungufu wa sodiamu katika damu, chini ya milimoli 135 kwa lita, kwa sababu amepoteza chumvi kwa jasho na kurudisha maji matupu kupita kiasi. Seli za ubongo huvimba. Huanza kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kuvimba vidole. Hufuata kuchanganyikiwa, na katika hali mbaya degedege, kupoteza fahamu na kifo. Hali hii inafahamika vyema kwa waganga wanaohudumia watembeaji wa Grand Canyon, kama inavyofahamika kwa wanaohudumia wakimbiaji wa marathoni.

Mwalimu alikuwa na sababu ya ziada. Haidroklorothiazaidi hufanya kazi kwa kuzifanya figo zitoe sodiamu, na huupunguzia mwili uwezo wa kuondoa maji yaliyozidi. Kidonge kilichokuwa kikimlinda na kiharusi cha ubongo Dodoma, katika mazingira haya kilikuwa upande wa pili wa mzani.

Askari alimpima joto: halikufika kiwango cha hatari. Alimketisha kivulini, akamzuia kunywa maji matupu, akampa vitafunio vyenye chumvi kidogokidogo, akaloanisha shati lake kwa maji ya kijito, na kuwajulisha wenzake kwa redio endapo hali ingegeuka. Alimwagiza Dereva amsemeshe mwenzake kila baada ya dakika chache, amwulize mambo anayoyajua. Dereva alimwuliza majina ya walimu wao wa shule ya msingi. Kufikia saa nane mchana Mwalimu alikuwa ameyapata wote, pamoja na la utani la mmoja wao. Kufikia saa kumi hesabu zilikuwa zimerudi. Askari alipowaruhusu walianza kupanda jua likiwa limeegemea ukuta wa magharibi, wakipumzika kila kituo, wakimalizia kwa tochi za kichwani. Walifika ukingoni baada ya saa tatu usiku.

KWA WAHUDUMU WA AFYA

Kisa hiki kina mafunzo yasiyohitaji jangwa la Marekani. Mkulima shambani, askari mazoezini, mwanafunzi kwenye mbio za shule na fundi juu ya bati wote hukutana na joto lilelile.

Kwanza, kuchanganyikiwa kwa mtu aliyekuwa kwenye joto ni dharura mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ngozi yenye jasho haiondoi uwezekano wa kiharusi cha joto; anayekipata akiwa kazini au michezoni mara nyingi hutoka jasho. Kipimo cha kwapani hupunguza joto halisi; kinachoaminika ni kipimo cha njia ya haja kubwa.

Pili, katika kiharusi cha joto, poza kwanza, safirisha baadaye. Beseni au turubai lenye maji baridi ndilo bora. Yasipopatikana maji ya kutosha, loanisha mwili wote na pepea bila kukoma. Lengo ni joto lishuke chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa. Parasetamo haisaidii hapa, kwani homa hii haikuletwa na maambukizi, na inaweza kuumiza ini lililokwisha dhurika.

Tatu, uliza maji kiasi gani, chakula gani, mkojo mara ngapi. Mgonjwa aliyekunywa lita nyingi, asiye na joto kali, aliyevimba vidole na kuchanganyikiwa, asimiminiwe maji zaidi kwa mazoea. Pima sodiamu pale inapowezekana. Akiwa na degedege au fahamu zikipotea kwa upungufu wa sodiamu uliotokana na mazoezi, tiba ni maji ya chumvi iliyokolea ya asilimia 3, mililita 100 kwa mshipa, yakirudiwa kwa uangalizi.

Nne, dawa. Dawa za kukojosha, za kundi la atenololi, baadhi ya dawa za mzio na za magonjwa ya akili, zote hubadili namna mwili unavyokabili joto. Dawa za maumivu kama ibuprofeni huzielemea figo zilizokosa maji. Mgonjwa asiambiwe tu "meza kila siku"; aulizwe pia anafanya kazi wapi na anasafiri kwenda wapi. Mwenye vinasaba vya selimundu, hata asiyeugua, aelezwe kwamba kujilazimisha kupita kiasi kwenye joto kunaweza kumwangusha.

KWA WAGONJWA NA WASAFIRI

Anayetumia dawa ya kila siku amwone mganga wake wiki kadhaa kabla ya safari ya nchi ya joto. Asiiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, maana shinikizo la damu halipumziki likizo. Anayetumia insulini asiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Chungu cha udongo kilicholoanishwa, kama kile ambacho bibi zetu walihifadhia maji, huipoza vizuri kuliko sanduku la gari.

Kunywa kwa kufuata kiu, na kila unapokunywa kwa muda mrefu, kula kitu chenye chumvi. Pakiti chache za ORS hazina uzito begini. Siku za kwanza za ugenini fanya nusu ya unayoyaweza nyumbani. Tembea alfajiri na jioni. Gari likiharibika jangwani, baki nalo, kwa kuwa gari huonekana kutoka mbali na mtu haonekani.

Lililo kubwa kuliko yote ni mapatano. Ubongo ni miongoni mwa viungo vinavyodhurika mapema kwa joto na kwa upungufu wa sodiamu, na ubongo ndio tunaoutegemea utuambie kwamba tunaumwa. Kwa hiyo mgonjwa wa joto hawezi kujipima. Atasema yuko sawa, na atasema kwa dhati. Anayeweza kumpima ni mtu anayemjua: anayejua kwamba yeye si mkali kwa kawaida, kwamba huwa anazijua hesabu, kwamba mwendo huu si wake. Lakini rafiki huyo hatakuwa na nguvu ya kumzuia ikiwa mamlaka hayo yataombwa wakati mgonjwa ameshakuwa mbishi. Ni lazima yatolewe mapema, wakati wote wawili wana akili timamu. Hali ni hiyohiyo kwa mahujaji. Juni 2024, wakati joto la Makka lilipovuka nyuzi 50, serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo vya mahujaji 1,301, wengi wao wakiwa wametembea masafa marefu juani bila vibali rasmi na hivyo bila mahema wala usafiri. Anayekwenda na mzazi mzee afanye naye mapatano kabla ya kuondoka nyumbani: nikisema tukae, tutakaa.

BAADA YA SAFARI

Mwalimu alirudi Dodoma akamweleza daktari wake yote. Sodiamu yake ilipimwa, na daktari akambadilishia dawa ya shinikizo la damu.

Usiku ule wa Grand Canyon, wakiwa wameketi kwenye kiti cha nyuma cha gari wakila viazi vya kukaanga vyenye chumvi nyingi, Mwalimu aliuliza kwa nini mwenzake amekaa kimya. Dereva akasema yale maneno yamemkaa moyoni. Mwalimu akauliza, "Maneno gani?"

Hakukumbuka. Alikumbuka mto, alikumbuka miti na yule askari, lakini ile nusu saa ya matusi na mvutano wa begi haikuwamo kichwani mwake kabisa. Dereva alimtazama, akaona kwamba hatanii, na kinyongo chake kikakosa mtu wa kukishika.

Kisha yeye naye akatoa lake. "Mimi ndiye niliyekunywesha, ndugu yangu. Kunywa, kunywa, tangu siku ya kwanza. Sikujua kwamba maji yanaweza kuzidi."

Mwalimu alifikiri kidogo. "Basi tumehesabiana," alisema, akampa mfuko wa viazi. "Sasa hivi hesabu nazijua."